Maswali ya Wasomaji: Mwendo Laini Hautafutwi Kinywani mwa Farasi

Barua kadhaa zilizotufikia safari hii zinahusu farasi wa mwendo wa telki, yaani wale ambao, badala ya kwenda mwendo wa matiti na kumrusharusha mpandaji juu ya tandiko, husonga mbele kwa mwendo wa haraka ulio laini. Waandishi wote wana ranchi ndogo, na wote wanajitahidi kuwafundisha farasi wao kwa njia ya asili, ambayo humtaka mfunzaji amsome mnyama na kuzungumza naye kwa ishara anazozielewa, pasipo kumtisha wala kumuumiza. Barua ya kwanza nimeipa nafasi kubwa kuliko nyingine, kwa sababu shauri alilopewa mwandishi wake na jirani yake ni shauri linalotolewa kila mahali, na madhara yake nimeyaona kwa macho yangu.

SWALI: Ndugu Mshauri, nina ranchi yenye farasi watano. Mwaka jana nilinunua jike wa aina ya Tennessee Walking Horse mwenye umri wa miaka 9, na aliyeniuzia alinihakikishia kuwa mwendo wake ni laini mno. Nimemfundisha kwa njia ya asili kwa miezi kadhaa. Nikiwa naye chini hana tatizo lolote: hurudi nyuma nikimwonyesha kidole, hugeuka taratibu, na hunifuata bila kamba. Lakini nikimpanda huinua kichwa, hukaza mgongo, kisha huanza kutupa miguu ya upande mmoja kwa pamoja, nami hutikiswa kulia na kushoto kama mzigo uliofungwa vibaya. Jirani yangu, ambaye amepanda farasi tangu utotoni, anasema nimtie lijamu lenye mikono mirefu zaidi na kumvisha viatu vizito miguu ya mbele. Sitaki kumuumiza, na pia sitaki kuukosa mwendo niliomnunulia. Nifanye nini?

JIBU: Umeandika kwa uangalifu, na ndani ya barua yako mna nusu ya jibu. Jike wako hutulia ukiwa chini, na hukaza mgongo ukiwa juu yake. Farasi ni yuleyule. Kilichoongezeka ni uzito mgongoni, tandiko lililo chini ya uzito huo, chuma kilichoingia kinywani, na mikono inayoshika hatamu. Hapo ndipo pa kuanzia uchunguzi, na uchunguzi huo ukamilike kabla hujamwita mtu yeyote wa kugongelea viatu vizito.

Kwanza tuelewane kuhusu mwendo wenyewe. Farasi yeyote anayetembea hatua za kawaida huweka miguu chini mmoja baada ya mwingine: wa nyuma kushoto, wa mbele kushoto, wa nyuma kulia, wa mbele kulia, na anayesikiliza huhesabu mapigo manne yaliyoachana sawasawa. Akienda matiti, miguu hutoka kwa jozi za mshazari, wa nyuma kushoto pamoja na wa mbele kulia, na mapigo huwa mawili. Akitupa miguu ya upande mmoja kwa pamoja, kama afanyavyo ngamia, mapigo huwa mawili vilevile, na huo ndio mwendo unaokutikisa. Miendo laini yote imo katikati ya ncha hizo mbili. Tölt ya farasi wa Iceland hufuata mpangilio uleule wa miguu wa hatua za kawaida, ila kwa kasi kubwa zaidi, na hakuna wakati ambapo miguu yote minne iko hewani. Missouri Fox Trotter yeye huelekea zaidi upande wa mshazari, mguu wa mbele ukitangulia kidogo tu kugusa ardhi kabla ya mwenzake wa nyuma wa upande wa pili. Tennessee Walking Horse ana hatua ndefu, ambazo ukwato wa nyuma huvuka alama iliyoachwa na ukwato wa mbele, mara nyingi kwa sentimita 15 hadi 45, huku kichwa kikiinama na kuinuka kwa kufuata miguu ya nyuma. Kwa maelezo hayo utaona kwamba jike wako hajaupoteza mwendo wake, bali ametoka katikati na kuelekea ncha ya upande mmoja. Kazi yako ni kumrudisha.

Kinachowasukuma farasi wengi wa telki kuelekea ncha hiyo ni kukaza mwili. Kichwa kinapopanda na mgongo ukazama, misuli mirefu inayopita pande zote mbili za uti wa mgongo hukakamaa, miguu ya nyuma hushindwa kuingia vizuri chini ya tumbo, na farasi hupata nafuu kwa kusogeza upande mzima kwa pamoja. Basi jiulize ni nini kinachomfanya akaze. Mara nyingi huwa ni maumivu, na maumivu hayaondolewi kwa mafunzo hata yakiwa mema namna gani.

Mwite daktari wa mifugo amkague mgongo, miguu na meno, kwa maana meno ya farasi hukua na kusagika maisha yake yote, na makali yanayojitokeza kandokando hukata mashavu ya ndani kila chuma kinapovutwa. Kisha litazame tandiko. Farasi wa telki huyazungusha mabega kwa upana mkubwa, na tandiko likikaa mbele mno huyazuia mabega hayo kurudi nyuma. Mfupa wa bega upite huru mbele ya tandiko mguu wa mbele unaponyooshwa. Baada ya safari ya nusu saa livue tandiko uangalie jasho: sehemu kavu iliyo peke yake katikati ya manyoya yaliyolowa huonyesha pahali palipobanwa kupita kiasi. Tena pitisha vidole vyako polepole pande zote mbili za uti, na kama ngozi inatetemeka au farasi anazamisha mgongo ili akwepe, usimpande siku hiyo. Mwisho, zitazame kwato. Wapo wanaoacha ncha za mbele zikue ndefu kwa imani kwamba hatua itapendeza zaidi. Ncha ndefu huchelewesha ukwato kuondoka ardhini na kuzivuta kano za nyuma ya mguu. Kwato zikatwe kila baada ya majuma 6 hadi 8, kwa usawa ambao mguu wenyewe unauonyesha.

Sasa niliseme lile la lijamu. Lijamu la mikono mirefu hufanya kazi kama mtaimbo. Ikiwa sehemu ya mkono iliyo chini ya kinywa ni ndefu mara tatu kuliko ile iliyo juu yake, mvuto wa kilo moja kutoka kwako hufika kwenye mnyororo wa kidevu ukiwa karibu kilo tatu, na ufizi ulio chini ya chuma hubeba zaidi ya hapo. Farasi anayekaza kwa sababu ya kinywa ataongezewa sababu ya kukaza. Huenda siku chache za mwanzo ukadhani limefaa, maana atakipindisha kidevu kuelekea kifuani ili alikwepe chuma, na shingo itaonekana nzuri. Lakini mgongo ulio nyuma yako utabaki ulivyokuwa. Viatu vizito navyo huubadilisha wakati wa mguu wa mbele kwa sababu ni mzigo, na mzigo huo hubebwa na kano na viungo kila hatua. Wapanda farasi wa aina hii wanaijua historia yenye uchungu kuhusu jambo hili: nchini Marekani baadhi ya wafunzaji waliwaumiza farasi kwa kemikali na minyororo miguuni ili wainue miguu juu zaidi kwenye maonyesho, hata ikatungwa sheria ya kuwalinda farasi mwaka 1970. Simsingizii jirani yako nia mbaya kama hiyo. Ninachosema ni kwamba fikra ya kuutafuta mwendo kwa kumsumbua mnyama, mahali pengine ilifika huko, nami sipendi uikanyage hata hatua yake ya kwanza.

Tukishaondoa maumivu, turudi kwenye mafunzo, na hapa kazi uliyokwisha kuifanya chini itakufaa sana. Kinachomfundisha farasi ni kile kitambo ambacho shinikizo linaondoka. Ulipomwonyesha kidole akarudi nyuma, hakukuelewa kwa sababu ya kidole. Alielewa kwa sababu mara tu alipopeleka uzito nyuma uliushusha mkono wako. Kanuni hiyohiyo uipande nayo juu ya tandiko. Ukimbana kwa miguu ili arefushe hatua, miguu yako ilegee saa ileile anaporefusha, si hatua tatu baadaye. Ukikaza hatamu ili apunguze, vidole vifunguke anapofikiria tu kupunguza. Wapandaji wengi walio stadi chini hupoteza jambo hili wakiwa juu, kwa kuwa wanapotikiswa hushikilia hatamu ili wasianguke, na farasi hupokea ujumbe usiokoma na usio na maana. Ukihisi unataka kushikilia kitu, shika manyoya ya shingo au kamba uliyoifunga mbele ya tandiko.

Majuma mawili ya kwanza usiombe mwendo wowote zaidi ya hatua za kawaida. Najua agizo hili linachosha, na barua za kulilalamikia nimezipokea, lakini sijui njia fupi kuliko hii. Mpe hatamu ndefu, mpande kwa kutumia kamba ya kichwani isiyo na chuma ikiwa anaikubali na uwanja umezungushiwa uzio, na umwache anyooshe shingo mbele na chini. Mwendeshe kwa mapinde mapana, akielekeza pua ndani kidogo na mbavu zikipinda, kwa kuwa ni vigumu kwa farasi aliyepinda kukaza misuli ya mgongo pande zote mbili kwa wakati mmoja. Laza magogo membamba manne au matano ardhini, uyaachanishe kwa urefu wa hatua yake, apite juu yake polepole. Farasi anayelazimika kutazama anapokanyaga huuweka kila mguu peke yake, na jozi ile ya upande mmoja huanza kuachana. Kama ranchi yako ina mteremko mpole, upande nao kwa hatua. Ardhi laini kiasi husaidia pia, ilimradi isiwe tope la kumchosha.

Baadaye, anapokuwa anatembea kwa shingo iliyolegea na unasikia mapigo manne yaliyo sawa, mwombe kasi kidogo tu ndani ya mwendo uleule. Mwombe kwa pumzi na kiuno kabla ya kumwomba kwa miguu. Atarefusha hatua, na pengine kichwa kitaanza kuinama na kuinuka. Hapo ndipo telki yake ilipojificha. Zihesabu hatua. Huenda mara ya kwanza ukapata kumi tu kabla ya mwili kukaza na miguu ya upande mmoja kuungana. Usingoje iungane. Katika hatua ya nane rudi kwenye mwendo wa polepole, legeza hatamu zote, umsugue shingo. Kesho utapata kumi na mbili. Farasi asiyejua kubeba mwili wake kwa mwendo huo ni sawa na mtu anayejifunza kubeba ndoo kichwani: misuli ina siku zake, na wanaolazimisha kilomita tatu za telki katika juma la kwanza hufundisha kilomita tatu za makosa.

Kama masikio yako hayajazoea kuyapambanua mapigo, mwombe mtu akurekodi kwa simu ukipita kwenye ardhi ngumu, kisha usikilize bila kutazama. Mapigo manne yaliyo sawa hayawezi kuchanganywa na mawili mawili mara ukishayajua. Nikupe na tahadhari moja: siku atakapokupa mwendo mzuri kwa mara ya kwanza utatamani uendelee nao hadi mwisho wa uwanja. Shuka. Livue tandiko palepale. Anachokikumbuka farasi ni kule kuachiliwa, na sijui namna iliyo wazi zaidi ya kumwambia kwamba hicho ndicho ulichokuwa ukikitafuta.

SWALI: Mshauri, sisi ni familia yenye farasi wawili wa telki wa aina ya Paso Fino. Mfunzaji mmoja alikuja kutuonyesha njia ya asili. Alimwingiza dume wetu aliyehasiwa kwenye zizi la duara, akamkimbiza mzunguko baada ya mzunguko hadi farasi alipoanza kulamba midomo na kushusha kichwa, akasema hiyo ni alama kwamba amemkubali kuwa kiongozi. Tangu tulipoanza kumwiga, farasi ametulia kweli, lakini ule uchangamfu wake umekwisha na hatua zake zimekuwa nzito. Je, njia ya asili haiwafai farasi wa aina hii?

JIBU: Njia inawafaa, mlichoonyeshwa ndicho kisichowafaa. Jina hili la njia ya asili limekuwa kapu kubwa ambalo kila mtu hutia chake. Wazee walioieneza katika magharibi ya Marekani, kama vile Tom Dorrance aliyezaliwa mwaka 1910 na Ray Hunt aliyezaliwa mwaka 1929, walifanya kazi na ng'ombe na farasi maisha yao yote, na walichokisisitiza kilikuwa kumhisi farasi, kumpa muda wa kutafuta jibu, na kulifanya jambo linalotakiwa liwe jepesi kwake. Kumkimbiza mnyama mahali asipoweza kutoka mpaka achoke ni jambo jingine kabisa, hata likiitwa kwa jina lilelile.

Tuanze na kule kulamba midomo. Farasi hulamba na kutafuna hivyo anapotoka kwenye hali ya hofu kuingia kwenye utulivu. Kwa hiyo alama ile inawaambieni kwamba hofu imepungua, na papo hapo inawaambieni kwamba hofu ilikuwapo. Mkiiona baada ya kumwonyesha farasi kitu kigeni akakubaliana nacho, ni habari njema. Mkiiona baada ya kumkimbiza dakika ishirini, jiulizeni kwa nini alikuwa na hofu kiasi hicho, na nani aliyeileta. Habari ya kiongozi nayo nawashauri muiweke kando. Farasi anajua vizuri kwamba ninyi si farasi, na kumsikiliza kwake hutegemea kama ishara zenu ni wazi na kama hufuatwa na nafuu.

Zizi la duara si baya kwa lenyewe. Hunisaidia ninapotaka farasi awe huru bila kamba nami niwe karibu. Lakini mizunguko midogo kwa kasi huilemea miguu ya ndani, na kwa farasi wa telki ina dhara la pili: anapoinama ndani na kukimbia kwa woga mapigo yake huvurugika, na huko kuvurugika huzoeleka. Kwa hao wawili, mbadilishe mwelekeo mara kwa mara, pumziko liwe refu kuliko kazi, na kasi isipite ile ambayo farasi anaweza kuiweka kwa mapigo sawa.

Kuhusu kichwa kilichoshuka, naomba mnisome kwa makini, kwa kuwa hapa watu wema hukosea. Katika jibu la kwanza nimemshauri mwenzenu amwache jike wake anyooshe shingo chini, na shauri hilo lilikuwa la farasi aliyekaza. Paso Fino ameumbwa na shingo inayotoka juu kifuani, na hubeba kichwa juu akiwa mchangamfu na mwenye raha tele. Kichwa kilicho chini chaweza kuwa cha farasi aliyetulia, na chaweza kuwa cha farasi aliyekata tamaa. Tazameni masikio na macho: aliyetulia husogeza sikio kuwafuata, hugeuza kichwa kitu kikisikika, hupumua kwa kina, aliyekata tamaa macho yake hutazama pasipo kuona, masikio hulala pembeni, na hufanya kila aombwacho bila kuuliza. Mimi naogopa farasi wa pili kuliko yule anayerusha mateke.

Mwacheni apumzike majuma kadhaa bila zizi la duara. Mpelekeni matembezi kwa kamba, nje, mahali penye mambo ya kutazama, na kila anaposimama kutazama simameni naye mpaka amalize. Uchangamfu ule ndio unaoendesha hatua ndogo za haraka za Paso Fino, na ukirudi mtazisikia kwato zikigonga. Ukirudi, msiutulize.

SWALI: Je, mwendo wa telki hurithiwa au hufundishwa? Nina farasi wa kawaida ningependa kumfundisha.

JIBU: Sehemu kubwa hurithiwa. Mwaka 2012 watafiti wakiongozwa kutoka Uppsala nchini Uswidi walionyesha kwamba badiliko dogo katika jeni iitwayo DMRT3 lina uzito mkubwa katika miendo hii. Jeni hiyo hufanya kazi katika seli za uti wa mgongo zinazopanga zamu ya miguu, na badiliko hilo huikatisha kabla ya mwisho wake, hivyo zamu ya miguu huwa na uhuru mwingi zaidi. Limeonekana kwa wingi katika aina nyingi za farasi wa telki, na pia katika farasi wa mashindano ya kukokota vigari wanaokwenda matiti kwa kasi kubwa bila kuruka kwenye shoti, yaani mbio za kurukaruka, jambo linaloonyesha kwamba jeni hufungua mlango tu, na mambo mengine, mafunzo yakiwemo, huamua farasi apitie wapi.

Farasi wako wa kawaida unaweza kumfundisha atembee kwa hatua ndefu, zenye ari na starehe. Usimtafutie zaidi ya hapo. Wanaolazimisha telki kwa farasi asiyezaliwa nayo hupata farasi aliyekaza mgongo, na barua ya kwanza hapo juu inaeleza yanayofuata. Wenye farasi wa telki wanaoulizia shoti, jibu langu ni la upande huohuo: wengine wataipata vizuri, wengine itabaki na mapigo manne yaliyochanganyika, na mteremko wa kupanda ndio mwalimu bora wa kuanzia.

SWALI: Mwanafarasi wetu wa Iceland ametimiza miaka 3 na anaonekana amekua. Tuanze kumpanda?

JIBU: Hapana. Huko kwao Iceland wengi huanza kupandwa wakiwa na miaka 4 au zaidi, na wana sababu nzuri. Sehemu laini zinazokuza mifupa hufunga kuanzia chini ya miguu kupanda juu, na zile za uti wa mgongo ndizo za mwisho, farasi akiwa na miaka 5 na nusu hivi au kupita. Aonekanavyo nje hakuambii hali ya mgongo. Mwaka huu mfundisheni kufungwa, kuinua kwato, kupanda gari la kusafirishia, kutembea pembeni mwa farasi mkubwa aliyepandwa, na kuzoea tandiko tupu. Mkianza kumpanda, uzito wa mpandaji pamoja na tandiko usizidi moja ya tano ya uzito wake, na safari ziwe za dakika kumi au kumi na tano, kwa hatua. Telki yake haitapotea kwa kungoja.

SWALI: Ranchi yetu ni ndogo sana, ekari mbili tu kwa farasi watatu wa telki. Tunasoma kwamba njia ya asili humtaka farasi aishi kama farasi. Tunawatendea haki kweli?

JIBU: Swali hili limenigusa, kwa sababu wenye ardhi kubwa mara nyingi hawaliulizi. Mafunzo ya saa moja kwa siku hayawezi kushindana na saa 23 zilizosalia. Farasi aliyefungiwa bandani peke yake usiku kucha na mchana kutwa ataingia uwanjani akiwa amekaza, na mfunzaji atadhani ni ukaidi.

Farasi anahitaji mambo matatu ambayo ekari mbili zinaweza kuyatoa: wenzake, kutembea, na kutafuna. Wenzake mnao. Kuhusu kutafuna, tumbo la farasi hutoa asidi mfululizo, awe anakula au hali, kwa hiyo kukaa saa nyingi bila chakula kikavu huleta vidonda tumboni na huongeza hatari ya msokoto wa tumbo. Mpeni kila farasi nyasi kavu za uzito usiopungua asilimia 1.5 ya uzito wa mwili wake kwa siku. Farasi wa kilo 400 apate angalau kilo 6, na zitiwe kwenye nyavu zenye matundu madogo ili azimalize kwa muda mrefu.

Hapa pana jambo linalowahusu ninyi hasa. Paso Fino, farasi wa Iceland na jamaa zao wengi hunenepa kwa chakula kidogo, na majani mabichi yenye sukari nyingi huweza kuwaletea ugonjwa wa kuvimba ndani ya kwato, ambao huuma kupita kiasi na huweza kumlemaza farasi moja kwa moja. Ardhi ndogo isiyo na majani mengi inaweza kuwa kinga kwao. Papaseni shingo, pale manyoya yanapoota. Ikiwa pana mto mgumu wa mafuta, punguzeni majani mabichi na mwiteni daktari kabla farasi hajaanza kusimama kwa kuegemea nyuma. Siku atakapokataa kugeuka kwenye ardhi ngumu, msimlazimishe kwa jina la mafunzo.

Kuhusu kutembea, msiwape uwanja wa mraba uliotupwa wazi. Jengeni uzio wa ndani unaofuata ule wa nje, ili pabaki njia yenye upana wa mita 4 au 5 inayozunguka ranchi nzima, na sehemu ya katikati muitunze kwa majani ya kukatwa na kwa uwanja mdogo wa kufundishia. Pembeni zipanueni, ili farasi mnyonge asibanwe na mwenziwe mahali asipoweza kupita. Mwageni kokoto kwenye kipande kimoja cha njia, wekeni gogo la kuvuka kwenye kipande kingine. Nyavu za nyasi zitundikeni sehemu nne au tano zilizoachana, na zihamisheni kila siku. Maji yakae upande mmoja na chumvi upande wa pili, mbali kabisa, ili kila anayetaka kunywa baada ya kulamba chumvi auzunguke uzio kwa miguu yake mwenyewe.